Simu na kompyuta ziko kwenye ruta moja, lakini simu haifiki kwenye seva yangu ya Django

himbi_django, Goma

Salamu kwenu nyote. Ninaandika kwa Django (zana ya Python ya kutengeneza tovuti) programu ndogo ya kutunza akiba ya dawa katika duka la mama mdogo lililoko Birere. Watakaoitumia hawana kompyuta, wana simu za Android tu, na ndiyo maana ningependa kuziona kurasa zangu kwenye kioo cha simu mapema, kabla sijamaliza kupanga vitufe na majedwali ambayo pengine hayataenea humo. Kompyuta yangu ina Windows 11 ya Kifaransa, nami huiunganisha pamoja na simu kwenye waifai ya ruta moja ya nyumbani.

Seva ninaiwasha kwa amri hii:

python manage.py runserver

Kwenye kompyuta, nikifungua http://127.0.0.1:8000, ukurasa unatokea bila shida. Kwenye simu niliandika anwani hiyo hiyo, na kivinjari kikanijibu papo hapo kwamba tovuti haifikiki, chini yake kukiwa na maandishi ERR_CONNECTION_REFUSED. Kisha nikaandika anwani ninayoonyeshwa na amri ya ipconfig, yaani http://192.168.1.14:8000, na safari hii simu ilizunguka kwa muda mrefu ndipo ikatoa ERR_CONNECTION_TIMED_OUT. Nilijaribu pia ping (mwito mfupi wa kupima kama chombo kinafikika) kutoka kwenye simu kuelekea kompyuta, haikujibiwa.

Ninayo maswali mawili. La kwanza, kwa nini anwani hizi mbili zinashindwa kwa namna mbili tofauti, na nifanye nini ili ukurasa ufunguke? La pili, je, kazi hii itakula mega? Ruta yetu inatumia kifurushi cha kulipia kabla, na mara nyingi mwisho wa wiki hukuta kifurushi kimekwisha: taa ya waifai inawaka, intaneti hakuna. Kama ni lazima intaneti iwepo ndipo simu iweze kuifikia kompyuta, itanibidi niipange kazi yangu upya.

nyawera_seva, Bukavu

Dada, nianze na mega kwa kuwa jibu lake ni fupi: kazi hii haili chochote. Pakiti, yaani kipande cha data, inatoka kwenye simu, inafika kwenye ruta, na ruta inaielekeza moja kwa moja kwenye kompyuta. Haivuki mlango wa nyumba yenu. Anwani zinazoanza na 192.168, sawa na zile zinazoanza na 10 na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, zilitengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani katika hati ya RFC 1918 ya mwaka 1996, na hazipitishwi kwenye intaneti ya wazi. Kifurushi kikiisha, mtandao wa nyumbani unabaki mzima. Shida huweza kutoka kwenye simu yenyewe: Android ikigundua kwamba waifai haina intaneti, huweza kuhamia data za laini, au hukuuliza kama ungependa kubaki kwenye waifai hiyo. Ikikuuliza, kubali kubaki. Isipokuuliza, zima data za simu wakati wa majaribio, kwa sababu simu iliyo kwenye data za laini haina njia ya kuifikia 192.168.1.14 ya nyumbani kwenu.

Sasa tuje kwenye anwani. 127.0.0.1 ni anwani ambayo kila chombo hujiitia chenyewe. Ukiwaambia watu wawili warudi nyumbani, kila mmoja atashika njia ya kwake. Simu ilipoiita 127.0.0.1 ilijiita yenyewe, ikakuta kwamba hakuna programu yoyote ndani yake inayosikiliza kwenye poti 8000 (mlango wenye namba ambao programu hupokelea mawasiliano), na jibu la kukataliwa likaja mara moja kwa kuwa pakiti haikutoka hata nje ya simu.

Anwani ya pili, 192.168.1.14, ndiyo sahihi, ila seva yako haiisikilizi. Amri ya runserver isipopewa anwani husikiliza 127.0.0.1 peke yake, na waliotengeneza Django walipanga hivyo kwa makusudi, ili kazi ambayo haijakamilika isionekane na watu wengine walio kwenye mtandao. Wewe unataka ionekane, kwa hiyo iambie:

python manage.py runserver 0.0.0.0:8000

Hiyo 0.0.0.0 usiiandike kwenye simu. Kazi yake ni kuiagiza seva isikilize kwenye violesura vyote vya mtandao vilivyomo ndani ya kompyuta, kile cha waifai kikiwa miongoni mwao. Kwenye simu utaendelea kuandika http://192.168.1.14:8000, na usiiache http:// ya mwanzoni, kwa sababu baadhi ya vivinjari hujaribu https kwanza, na seva hii ya majaribio haiijui https. Wenzetu wanaosoma hapa na hawatumii Django watafanya jambo lile lile kwa php artisan serve --host=0.0.0.0 kwenye Laravel, flask run --host=0.0.0.0 kwenye Flask, au npm run dev -- --host kwenye mradi wa Vite.

Baada ya hapo huenda ukakutana na ukurasa wa kosa wenye neno DisallowedHost. Ukiuona, furahi, kwa maana utakuwa umeshaifikia Django yenyewe na mtandao umemaliza kazi yake. Fungua settings.py, faili la mipangilio ya mradi, uandike:

ALLOWED_HOSTS = ["localhost", "127.0.0.1", "192.168.1.14"]

Angalia kwamba nimeziandika pia zile mbili za kwanza. DEBUG (hali ya majaribio) ikiwa True na orodha ikiwa tupu, Django hujikubalia yenyewe localhost na 127.0.0.1, ukishaweka anwani hata moja, huruma hiyo inakoma na ni lazima uzitaje zote.

Kuhusu kushindwa kwa namna mbili, kanuni ninayoifuata ni hii: ukikataliwa haraka, ujue mashine imefikiwa ila hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo, ukipata kimya kirefu, ujue pakiti imetupwa njiani, na wa kwanza kushukiwa ni faiwoli, yaani kinga inayozuia wageni wa mtandao, ambayo kwenye Windows yako ya Kifaransa utaiona kwa jina la pare-feu.

katuba_mitandao, Lubumbashi

Ninakubaliana na mwenzangu wa Bukavu kuhusu mega na kuhusu 0.0.0.0. Kanuni yake ya mwisho, hata hivyo, inafaa kwa Linux kuliko kwa Windows, na dada aliyeuliza anatumia Windows. Faiwoli ya Windows ina tabia ya kujificha: pakiti ikigonga poti ambayo hakuna programu inayoisikiliza, Windows huzuia hata lile jibu la kukataa, ili mtu anayepekua mtandao asitambue kwamba kuna mashine mahali hapo. Kwa hiyo kimya alichokiona dada kingetokea vilevile hata kama faiwoli ingekuwa imeiruhusu poti 8000, maadamu seva ilikuwa inasikiliza 127.0.0.1 tu. Mtu akiifuata kanuni ile bila kulijua hili, atapoteza jioni nzima akihangaika na faiwoli ilhali kosa liko kwenye amri ya kuwasha seva. Ping nayo isimsumbue, kwa kuwa Windows kwa kawaida haiijibu ping kwenye mtandao uliotiwa alama ya umma, na kutojibiwa hakuthibitishi kitu.

Njia iliyo salama zaidi ni kuanza na kipimo kisichoihusisha simu kabisa. Washa seva, kisha kwenye kompyuta hiyo hiyo fungua kivinjari na uandike http://192.168.1.14:8000. Mawasiliano ya kompyuta na nafsi yake hayapitii mizani ile ya faiwoli inayopima wageni kutoka nje, kwa hiyo unapata jibu safi kuhusu seva peke yake: ukurasa ukifunguka, au hata ukiletewa DisallowedHost, seva inasikiliza mahali panapotakiwa, usipofunguka, bado inasikiliza 127.0.0.1 na hakuna haja ya kugusa kitu kingine kwanza. Anayependa kuona kwa macho aandike:

netstat -ano | findstr :8000

Anwani ya kwanza kwenye mstari ikiwa 127.0.0.1:8000, seva imejifungia ndani. Ikiwa 0.0.0.0:8000, imefungua mlango.

Kipimo hicho kikifaulu na simu bado inanyimwa, sasa ndipo tuiangalie faiwoli. Kwa kompyuta ya nyumbani, Windows huugawa mtandao katika aina mbili, wa umma na wa faragha, na waifai mpya mara nyingi huwekwa katika ule wa umma, ambako wageni huzuiliwa kwa ukali zaidi. Ingia kwenye Paramètres, fungua sifa za waifai ya nyumbani, na mahali pa réseau public uchague réseau privé. Lifanye hili kwa waifai ya nyumbani tu. Waifai ya hoteli au ya chuo iache katika hali ya umma.

Kuna mtego mmoja ambao watu wengi hawaufahamu. Mara ya kwanza Python inapotaka kusikiliza mtandao, Windows hutoa kidirisha kinachouliza kama uiruhusu. Mtu akikifunga kwa haraka au akibofya kitufe cha kughairi, Windows huiandika hukumu hiyo kama kanuni ya kuzuia, na haimuulizi tena. Baadaye hata akiongeza kanuni ya kuruhusu poti 8000, bado hapiti, kwa sababu kanuni ya kuzuia huishinda ile ya kuruhusu. Fungua mipangilio ya kina ya pare-feu, nenda kwenye Règles de trafic entrant, tafuta mistari yenye jina la Python na alama nyekundu, uifute. Kisha fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

New-NetFirewallRule -DisplayName "Django 8000" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 8000 -RemoteAddress LocalSubnet -Profile Private -Action Allow

Kanuni hiyo inaruhusu poti moja, kwa vyombo vya mtandao wa ndani tu, na kwenye mtandao wa faragha tu. Nimewaona watu wakishauriana kuizima faiwoli nzima ili kazi iende. Mimi siungi mkono ushauri huo, kwa kuwa aliyeizima kwa ajili ya jaribio mara nyingi husahau kuiwasha, na kesho yake anakwenda na kompyuta hiyo kwenye waifai ya watu.

himbi_django, Goma

Ninawashukuru sana. Nilifuata utaratibu wa Yaya wa Lubumbashi: kipimo cha kwenye kompyuta yenyewe kilifaulu mara tu nilipoandika 0.0.0.0, nikaikuta ile mistari ya Python yenye alama nyekundu, nikaifuta na kuongeza kanuni. Simu ikanipa DisallowedHost kama alivyotabiri Yaya wa Bukavu, nikaijaza ALLOWED_HOSTS, na ukurasa wa kuingilia ukafunguka.

Yamebaki mambo ambayo sijayaelewa. Ukurasa wa akiba unafunguka kwenye simu, lakini orodha ya dawa ni tupu, wakati kwenye kompyuta orodha hiyo hiyo imejaa. Aidha, jana kifurushi kilipoisha, kurasa zikaanza kuchelewa mno na kutokea bila rangi wala mpangilio, ingawa niliambiwa intaneti haihitajiki. Tena kuna kitufe cha kusoma msimbopau wa boksi la dawa kwa kamera: kwenye kompyuta kamera inawaka, kwenye simu kitufe hakifanyi lolote wala hakuna swali la ruhusa linalotokea. Na usiku umeme ulikatika. Uliporudi, ipconfig ikanionyesha 192.168.1.17 badala ya 14, na kila kitu kikasimama tena.

birere_fundi, Goma

Dada, mambo yako yanaonekana manne lakini matatu kati yake yanatoka kwenye chanzo kimoja: ukurasa ukishafika kwenye simu, amri zote zilizoandikwa ndani yake zinatekelezwa na simu, si na kompyuta. Yasome yote kwa jicho hilo.

Orodha tupu kwanza. Ninakisia kwamba ndani ya JavaScript yako umeandika kitu kinachofanana na fetch("http://localhost:8000/api/dawa/"). Kwenye kompyuta inafanya kazi kwa sababu localhost ni kompyuta. Kwenye simu, msimbo huo huo unaiambia simu ijitafute yenyewe, na tumeshasoma hapo juu linalotokea. Iandike kwa njia fupi, fetch("/api/dawa/"), bila jina la mashine, na kivinjari kitaituma kwenye anwani ile ile ambayo ukurasa umetoka, iwe ni 14, 17 au nyingineyo. Tafuta neno localhost katika mradi mzima, kwa kuwa mara nyingi halikai mahali pamoja.

Kurasa kupoteza rangi ni dalili kwamba Bootstrap (maktaba ya kupamba kurasa), au nyingine ya namna hiyo, inaletwa kutoka kwenye seva za mbali kila ukurasa unapofunguliwa. Mtandao wa ndani ni mzima kama ulivyoambiwa, ila ukurasa wako wenyewe unaomba faili kutoka nje na kungoja hadi ukate tamaa. Pakua faili hizo mara moja, ziweke kwenye folda ya static ya mradi, na uelekeze viungo huko. Fonti za Google zinahesabika humo pia. Kwa programu itakayotumika Birere, ambako duka haliwezi kufungwa kwa sababu mega zimekwisha, kazi hii ungelazimika kuifanya hata kama usingejaribu kwenye simu.

Kamera ndiyo yenye maelezo marefu. Vivinjari vya leo haviruhusu kurasa zote kugusa kamera, kipaza sauti au mahali mtu alipo. Vinaruhusu kurasa zinazohesabiwa kuwa salama, yaani zinazokuja kwa https, na kwa upendeleo maalumu zile zinazotoka localhost au 127.0.0.1, kwa kuwa pakiti zake hazitoki nje ya chombo. Chrome iliondoa kamera kwenye kurasa za http tangu toleo la 47 la mwaka 2015, na mahali mtu alipo tangu toleo la 50 la mwaka 2016. Kwenye kompyuta ulikuwa unafungua 127.0.0.1, ukapata upendeleo ule. Kwenye simu unafungua http://192.168.1.17, ambayo kwa kivinjari ni tovuti ya http kama nyingine yoyote, na kitu kinachoitwa navigator.mediaDevices hakipo kabisa katika ukurasa huo. Ndiyo sababu hukuulizwa ruhusa: hakuna cha kukuombea ruhusa.

Kwa kuwa simu ni ya Android, mimi ningeacha waifai pembeni na kutumia kebo ya USB. Kwenye kompyuta weka zana za adb (za kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta) zinazotolewa na Google, zinapakuliwa mara moja tu. Kwenye simu, fungua taarifa za simu, gusa namba ya toleo mara 7 ili chaguo za wasanidi zitokee, kisha washa débogage USB. Unganisha kebo, kubali swali litakalotokea kwenye kioo cha simu, na uandike:

adb devices

adb reverse tcp:8000 tcp:8000

Amri ya pili inaifanya poti 8000 ya simu iwe mlango wa poti 8000 ya kompyuta, kupitia kebo. Sasa fungua kwenye simu http://localhost:8000 na utapata programu yako, kamera ikiwa imeruhusiwa, kwa sababu kivinjari kinaona localhost. Njia hii inaondoa mengi kwa mkupuo: seva inaweza kurudi kusikiliza 127.0.0.1, faiwoli haihusiki, ALLOWED_HOSTS haihitaji anwani mpya, na ruta ikizimika haikuhusu. Inafanya kazi tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, kwa hiyo hata simu kuukuu za dukani zitakubali. Ukichomoa kebo, amri ya adb reverse hupotea na inabidi iandikwe upya. Na umeme ukiwa haupo, kumbuka kwamba simu inajichaji kutoka kwenye betri ya kompyuta.

nyawera_seva, Bukavu

Nashukuru kwa sahihisho la mwenzetu wa Lubumbashi; kipimo chake cha kuanzia kwenye kompyuta yenyewe ni bora kuliko kanuni yangu kwa anayetumia Windows.

Ninaongeza kwa wale wenye iPhone, ambao adb haiwasaidii. Kwao njia iliyo karibu ni kutengeneza cheti cha https cha mtandao wa ndani kwa programu iitwayo mkcert, kisha kukiingiza cheti kikuu kwenye simu na kukiamini katika mipangilio. Runserver ya Django peke yake haitoi https, kwa hiyo utahitaji kuweka mbele yake seva nyingine inayojua kazi hiyo, kwa mfano Caddy. Ni kazi ndefu, na ninaona haifai kwa mtu anayetaka tu kujua kama kitufe kimeenea kwenye kioo. Zipo pia huduma za kupitisha ukurasa wako kwenye intaneti na kukupa anwani ya https, nazo zinafanya kazi vizuri, isipokuwa hizo zinakula mega kweli: ukurasa unatoka kwenye kompyuta, unakwenda ng'ambo, na kurudi kwenye simu iliyo mezani pale pale.

katuba_mitandao, Lubumbashi

Kuhusu 14 kugeuka 17: ruta hugawa anwani kwa mkopo, na baadhi ya ruta za nyumbani hazikumbuki zilimpa nani nini zikishazimika. Umeme ukirudi, aliyetangulia kuomba ndiye anayetangulia kupewa. Dawa yake ni kuingia kwenye ukurasa wa ruta, kutafuta mahali pa DHCP (ugawaji wa anwani), na kuihifadhia kompyuta yako anwani moja kwa kutumia anwani ya MAC (namba ya utambulisho) ya kadi yake ya waifai. Hakikisha kwanza kwamba Windows haijawashiwa anwani za MAC za kubahatisha kwa waifai hiyo, la sivyo ruta haitaitambua. Ukiona siku moja anwani inayoanza na 169.254, usiiandike kwenye simu. Maana yake ni kwamba kompyuta iliomba anwani na haikupewa na yeyote.

Neno jingine ni kwa wanafunzi, kwa kuwa swali hili huja mara nyingi kutoka vyuoni. Waifai nyingi za taasisi, na zile za wageni kwenye ruta za nyumbani, hutenganisha wateja: kila chombo kinaweza kuiona ruta na intaneti, lakini vyombo havionani. Humo unaweza kufanya yote yaliyoandikwa hapa kwa usahihi na simu ikabaki katika kimya. Hakuna cha kurekebisha kwenye kompyuta yako, na utengano huo ni kinga ya halali, kwa hiyo usitafute namna ya kuuzunguka. Tumia kebo au hotspoti yako mwenyewe. Nami sipendi mtu aache runserver ya 0.0.0.0 ikiwa wazi kwenye waifai ya watu, kwa sababu DEBUG ikiwa True kila kosa humwonyesha mgeni vipande vya msimbo na njia za faili zako.

himbi_django, Goma

Kebo imefanya kazi, Yaya birere_fundi, na kamera imewaka. Orodha nayo imejaa baada ya kuondoa localhost katika faili za JavaScript. Bootstrap nimeiweka kwenye static. Limebaki moja: Jumamosi nataka kumwonyesha mama mdogo kazi hii dukani, ambako hakuna ruta, na ningependa yeye na msaidizi wake waishike kila mmoja kwenye simu yake kwa wakati mmoja. Kebo ninayo moja. Nifanyeje?

birere_fundi, Goma

Washa hotspoti kwenye simu mojawapo, kisha uunganishe kompyuta na simu ya pili kwenye hotspoti hiyo. Simu iliyotoa hotspoti nayo imo ndani ya mtandao huo, kwa hiyo zote mbili zitaweza kuifikia kompyuta. Windows itauona mtandao huo kuwa mpya na yaelekea itauweka katika aina ya umma. Ubadilishe uwe wa faragha, vinginevyo kanuni uliyoongeza haitatumika. Angalia ipconfig upya, kwa sababu anwani itatolewa na simu na huenda isianze na 192.168 kabisa, kisha iongeze kwenye ALLOWED_HOSTS.

Zima data kwenye simu inayotoa hotspoti. Simu nyingi za Android hukubali kuitoa hata data zikiwa zimezimwa. Usipozizima, Windows itadhani imepata intaneti ya bure na kuanza kuteremsha masasisho yake, na mega za mama mdogo zitakwisha kabla hujamaliza kumwonyesha ukurasa wa kwanza. Kamera haitawaka kwa njia hii, kwa sababu ile niliyoieleza, kwa hiyo sehemu ya msimbopau mwonyeshe kwa kebo, simu moja baada ya nyingine. Ichaji kompyuta kabla hujaondoka Himbi.